Shahidi wa Darajani

Wakili wa serikali alimaliza kwa kumnyooshea kidole mshtakiwa: Chikoti alitoroka vitani, akaliacha daraja kwa mwenzake mmoja. Mwenzake huyo, Ng'wandu, ndiye wakili aliyekuwa akimtetea leo. Nishani aliyopewa kwa kulilinda daraja lile ilikuwa kifuani mwake, chini ya joho, kama kawaida yake.

“Mheshimiwa, naomba kujitoa katika kesi hii,” alisema Ng'wandu. “Wakili hawezi kuwa shahidi wa mteja wake.”

“Afande, acha,” Chikoti alinong'ona kutoka kizimbani. “Una watoto.”

Ng'wandu alivua joho, akalikunja pembe kwa pembe kama walivyokuwa wakikunja mablanketi kambini, akaliweka kitini. Akaifungua nishani, akaiweka juu yake. Kisha akaenda kusimama mahali pa mashahidi, akaapa.

“Siku ile nani alibaki darajani?” aliuliza hakimu.

“Huyu. Alibaki mpaka risasi zikamwishia, mto ukamchukua. Mimi nilikimbia, nikarudi mizinga iliponyamaza.”

Karani aliacha kuandika. Kwenye shati la Ng'wandu palibaki vitundu viwili vya pini. Chikoti alivitazama, kisha akasimama mguu sawa, pingu mikononi, kama anayesubiri amri.