Friji Zilizogeukia Ukuta

Tume Huru ya Kuchunguza Ajali ya Gari la Baba iliundwa Jumapili asubuhi kwa heshima zote zinazostahili. Mwenyekiti wake alikuwa Cheche. Katibu alikuwa Cheche. Mpiga picha alikuwa Cheche, na alianza kazi na tongotongo machoni kwa sababu Baba alikuwa amemvuta blanketi.

"Si wewe uliyebaki nyumbani?" Baba alifoka. "Amka ukusanye ushahidi. Mkaguzi wa bima anakuja leo, na safari hii sitaki utani."

Baba alikuwa fundi friji. Ua wake ulijaa friji mbovu hadi gari likakosa nafasi, likawa linalala nje, kando ya ukuta. Alikuwa amesafiri kwa basi kwenda kununua vipuri, na aliporudi alikuta pua ya gari imebonyea, taa moja inaning'inia kwa waya, na bampa lina michubuko ya rangi nyeupe. Bila gari, hakuna friji itakayofika kwa mteja. Bila bima, hakuna gari.

Ng'ambo ya barabara aliishi muuza maji. Pikapu yake ilikuwa nyeupe.

"Kesi imekwisha," Baba alisema.

Tume haikuona hivyo. Mwenyekiti alipiga picha taa, bampa, matairi, hata mawingu. Kwenye kiti cha dereva alikuta mto mdogo, akauondoa, maana picha rasmi hazitaki matandiko. Kisha akachora mchoro wa eneo la tukio, na palipotakiwa gari lililogonga akaandika: "Halijulikani."

"Linajulikana!" Baba alisema. "Andika pikapu nyeupe."

"Baba, pikapu nyeupe zimejaa mji mzima."

"Andika!"

Cheche akaandika kwa penseli, kwa mwandiko mwembamba ambao hata sisimizi angeupita bila kujikwaa.

Bibi, mama yake Baba, alikuwa kibarazani na chai yake imeshapoa. Zamani aliendesha basi la shule, na hadi leo ukimuudhi hukuamuru ukae kwenye kiti chako ufunge mdomo. Asubuhi hiyo hakumwamuru mtu chochote. Cheche alipita akamwekea mto mgongoni.

Wiki iliyotangulia wawili hao walisomewa mashtaka pamoja: Bibi kwa kusahau bomba wazi hadi karakana ikafurika, Cheche kwa kutia chumvi kwenye kopo la sukari. Baba alitoa hukumu moja kwa wote. Atakayefanya kituko kingine atafungashiwa mabegi aende kwa Shangazi, huko mbali, na asitarajie kurudi.

Muuza maji alifika kabla ya mkaguzi, kofia mkononi.

"Jirani, nasikia umenitaja polisi. Wakiizuia pikapu yangu, wanangu watakula nini?"

"Rangi inaongea yenyewe," Baba alijibu.

Yule mtu akamgeukia Cheche. "Mwanangu, wewe ulikuwepo. Mimi nimeligonga gari la baba yako?"

Cheche alizitazama ndala zake. "Sikuona kitu, mjomba."

"Haya," muuza maji alisema taratibu, na lile "haya" lilimchoma Cheche kuliko kiboko chochote cha shuleni.

Mkaguzi wa bima alikuwa mtu mwembamba asiye na haraka. Aliizunguka pikapu, hakuona hata mkwaruzo. Aliomba maji ya kunawa, akapelekwa uani, na huko akasimama.

"Fundi, mbona friji zako zimepewa adhabu?"

Friji zote zilikuwa zimepangwa mstari mmoja, nyuso ukutani, kama wanafunzi waliochelewa paredi.

"Binti yangu kazipanga nilipokuwa safarini," Baba alisema kwa fahari. "Kwa hiari yake! Nilidhani anaumwa."

Mkaguzi naye alikuwa na binti. Alichukua toroli, akaanza kuzigeuza. Ya kwanza nzima. Iliyofuata nzima. Kwenye friji moja nyeupe, pembeni kabisa, mlango ulikuwa umebonyea kwa upana wa bampa, na kwenye mkunjo wake kilikuwa kimenasa kipande cha kioo cha taa.

"Hii niliiacha nje," Baba alisema polepole. "Mbele ya gari. Ilikuwa inamsubiri mtu wa vyuma chakavu."

Kibarazani Bibi aliinuka, akafungua mdomo.

"Ni mimi!" Cheche alisema. "Mimi ndiye niliyeliwasha gari. Nilitaka kuzunguka mtaa tu. Nikaigonga friji, nikaiingiza ndani kwa toroli, nikazigeuza zote. Mjomba hana kosa lolote."

Hakuna aliyeshangaa. Huyu ndiye aliyewahi kuigiza sauti ya mwalimu mkuu kwenye kipaza sauti, akatangaza mapumziko ya nusu siku, na walimu wakawa wa kwanza kuondoka.

"Ufunguo wa akiba uko wapi?" Baba aliuliza.

"Niliutupa."

"Wapi?"

"Nimesahau."

Mkaguzi alifunga faili, akamshauri Baba aliondoe dai mwenyewe kabla halijawa kesi. Baba alivuka barabara kwenda kuomba radhi, mabega yameshuka. Aliporudi alisema neno moja tu.

"Shangazi."

Cheche alikuwa anafunga begi Bibi alipoingia chumbani akipapasa ukuta, akaketi kitandani, akamshika mkono. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa sweta lake, akatoa ufunguo wa akiba, akauweka kiganjani mwa mjukuu wake.