Muhuri wa Dirisha la Tatu

Mzee alilisukuma boksi chini ya kioo polepole, kama mtu anayepitisha yai.

"Nini hiki?" mkaguzi aliuliza. Macho yalikuwa kwenye tableti yake.

"Chaja, bwana mkubwa. Ya simu na tableti. Naomba muhuri." Bila muhuri, alikwishaambiwa, yeye na chaja yake si kitu katika ofisi hii.

Mkaguzi wa dirisha la tatu alikuwa na vyeti vinne ukutani na vidole ambavyo havijawahi kushika bisibisi. Tangu asubuhi mzee alikuwa benchini akimtazama anavyochapa kazi. Anageuza boksi, anasoma, anagonga. Waya hata mmoja haujachomekwa ukutani. Na kwa kazi hiyo kapewa gari na dereva.

"Duka lako liko wapi?"

"Sina duka. Ninayo hii moja tu."

"Moja? Mzee, utatajirika wewe mpaka tukukimbie."

Wenzake nyuma wakacheka. Bosi akicheka, nani atayafungia meno yake ndani?

Mkaguzi akageuza boksi. Nembo ya kiwanda ipo. Namba zipo.

"Imeshatumika?"

"Mke wangu aliitumia mara moja."

"Akalalamika?"

"Mpaka leo hajasema neno."

"Mke asiyelalamika! Mshikilie huyo, mzee wangu, hawatengenezwi tena."

Mzee aliitazama mikono yake.

"Na hii harufu ya moshi inatoka wapi?"

"Labda koti langu." Akasita kidogo. "Hufungui, bwana mkubwa?"

"Unataka kunifundisha kazi? Hili boksi la kiwandani. Kiwanda kikishasema kitu kinafaa, mimi ni nani nibishe?"

Paa. SALAMA KWA MATUMIZI YA NYUMBANI. Chini yake akaandika kuwa inaoana na simu na tableti za aina zote, kisha akaweka sahihi yenye mikia mirefu kuliko busara yake.

"Haya. Kauze, ununue koti jingine."

Mzee alishukuru, akaichukua karatasi na boksi. Hakuelekea mlangoni. Alihamia dirisha la nne, la malalamiko, alikofukuzwa mara mbili wiki iliyopita. Dada wa pale alimkumbuka, akaguna kabla hajafika.

"Babu, jamani. Si nilikwambia? Kifaa ambacho hatujakithibitisha hakituhusu. Mliyataka wenyewe, kununua ovyo ovyo."

"Uliniambia, mwanangu."

Akaiweka karatasi mbele yake, wino bado mbichi. Kisha akafungua boksi, akatoa chaja iliyoyeyuka na kugandana na kipande cha shuka kilichoungua.

"Imethibitishwa," alisema. "Sasa andika jina la marehemu."