Kilo Kumi na Moja na Robo

Mama alitia mkasi wake mkubwa wa kushonea ndani ya mkoba, katikati ya nguo za baridi, na hakuna aliyemuuliza kulikoni.

Mkasi ulishika nafasi ya jiko dogo la gesi. Turubai la kufunikia cherehani lilishika nafasi ya hema. Baba alikuwa amepima kila kitu kwanza, akaongeza kitambaa hapa, akapunguza kamba pale, mpaka uzito ukalingana. Kazi yake ilikuwa kukagua mizani sokoni, miaka thelathini mizima; wauza nyama walikuwa wakimwona kwa mbali wanakumbuka dini zao. Leo aliusoma mshale mara mbili.

"Kilo saba, pamoja na maji," alisema. "Bado chakula."

Mtu wa milima aliandika. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha Kitinda, buti zimejaa matope, na chai aliyowekewa ilishapoa. Yeye ndiye aliyetaka mkoba upangwe mbele ya macho yake, kitu kimoja kimoja, kwa kufuata orodha ambayo Kitinda aliibandika mwenyewe kwenye mlango wa kabati. Njia ya huko juu ni ndefu, haina duka wala kijiji.

"Chakula ndicho kitakachosema," aliwaambia tangu alipoingia. "Nikikosea siku moja, nimekosea kila kitu."

Kitinda ndiye mtoto wao wa mwisho, ana miaka ishirini na mitatu na miguu isiyojua kutulia. Mama alimkataza milima mpaka akachoka, akaishia kumshonea mifuko ya chakula. Mfuko mmoja, siku moja: unga wa uji, mchele, dagaa wakavu, sukari. Aliishona kwa mabaki ya vitambaa vya wateja, kila mmoja na rangi yake.

"Anaweza kugawa mfuko mmoja kwa siku mbili?" aliuliza mtu wa milima.

"Huyo? Huyo hula cha kesho leo," alisema mama.

"Mto anauogopa?"

"Haogopi kitu," alisema baba. "Ndiyo shida yenyewe."

Sebuleni simu ililia tena. Shangazi aliipokea kabla haijalia mara ya pili. "Hapana, bado," walimsikia akisema. "Bado tunapanga. Tutawaambia."

Mifuko sita iliingia mkobani. Baba aliuning'iniza mkoba kwenye ndoano ya mizani, akaacha utulie.

"Kumi na moja na gramu mia mbili. Haijatimia." Alikunja uso. "Kitinda hubeba kumi na moja na robo. Hazidishi, hapunguzi. Mimi mwenyewe ndiye ninayempimia. Pamepungua gramu hamsini."

"Gramu hamsini si kitu, mzee."

"Wauza nyama nao walikuwa wakiniambia hivyo hivyo."

Mtu wa milima aliirudia orodha kwa kidole hadi mstari wa mwisho. "Hapa ameandika 'upuuzi mmoja.' Upuuzi gani?"

"Kila safari hujiruhusu kitu kimoja kisicho na maana," alisema mama. "Mwaka jana karata." Aligeuka akaikagua rafu ya bintiye polepole: chanuo, vitabu, chupa ya manukato. "Kioo hakipo. Kile kidogo cha mfukoni."

"Kioo kinafaa," alisema mtu wa milima, akakiandika haraka. "Jua likiwaka, kioo kinafaa sana."

Baba aliweka kipande cha sabuni mahali pa kioo. Mshale ulisimama penyewe. Ilikuwa hesabu nzuri, na hakuna aliyeifurahia.

Mama alijifuta uso kwa mkono wa gauni. Alikuwa na hofu tangu asubuhi, na sasa hofu iliishinda aibu.

"Mwanangu, usifunge daftari," alimwambia mtu wa milima. "Mimi humwongezea. Pakiti mbili kubwa, karanga na tende, ndani ya soksi, chini kabisa ya mkoba. Huziweka baada ya mzee kupima, maana yeye hupima kwa mizani, mimi napima kwa huruma. Akiba haiozi."

Mtu wa milima aliinua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza uso wake kulegea.

"Pakiti mbili ni siku mbili, mama. Akijibana, tatu." Kalamu yake ilianza kutembea.

Baba aliitazama kalamu. Angeweza kunyamaza, na mkewe angepata lepe la usingizi leo. Lakini alikuwa amefunga mabucha ya watu kwa sababu ya gramu ishirini, na hesabu ya uongo ilikuwa ikiandikwa mezani pake. Alisimama, akaingia chumbani kwao, wakasikia mlango wa kabati ukifunguliwa. Alirudi na soksi mbili za sufu, zimevimba, akaziweka mbele ya mkewe.

"Mimi hupima mara mbili, mke wangu," alisema. "Kitinda hulalamika mgongo. Nami huzitoa."

Mama aliziangalia zile soksi. Alivuta kiti akakaa.

Mtu wa milima aliukata kwa kalamu mstari aliokuwa ameuandika. Kisha alichukua redio yake ya mkononi, akaibonyeza.

"Alibeba chakula cha siku sita tu," aliwaambia wenzake waliokuwa wakimtafuta Kitinda kule juu, "na leo ni siku ya tisa."