Korongo na Namba Mpya za Masomo

Wanyama walipokuwa na chuo chao, mkuu wake alikuwa Korongo, aliyependa kila kitu kikae kwa mpango. Siku moja aliona masomo yamekaa ovyo, akayapa yote namba mpya. Kisha akamwendea Kwale, aliyekuwa akilalia mayai.

"Mama Kwale, cheti chako kinasema ulifaulu Somo la Pili. Somo la Pili ni Kuogelea. Kesho utaogelea mtoni tukuone, la sivyo cheti kinafutwa na kiota unakihama."

"Mwalimu, mimi nilisoma Kuficha Mayai. Ndilo lililokuwa la pili."

"Lilikuwa. Sasa ni la saba."

Kwale hakujua kuogelea, na akizama, vifaranga wakianguliwa watamkuta nani? Jirani yake Bata alimwonea huruma, akayalalia mayai ili mwenzake aende kuomba tena.

"Nisamehe, Mwalimu," Kwale alisema. "Wewe ulifaulu la ngapi?"

"La Kwanza. Kuruka."

"Na la kwanza sasa ni lipi?"

Kabla Korongo hajajibu, Fuko, mwalimu wa Kuchimba, akatoa kichwa shimoni. "Ni langu, Mkuu. Karibu kesho, ila hiyo miguu sijui tutaikunjia wapi."

Korongo akaitazama miguu yake mirefu, kisha shimo. Jioni hiyo akatangaza kwamba vyeti vya zamani vitasomwa kwa namba za zamani.

Kwale hakumcheka. Alikimbilia kiotani, akayakuta mayai bado yana joto chini ya Bata.

Basi anayebadili namba za milango akumbuke kuna waliolala ndani.