Viatu vya Ukoo

Daktari bingwa wa moyo alimwomba Shekue avue viatu. Akavigeuza, akaona ngozi ya nyuma imekatwa kwa kisu.

"Nani alivikata?"

"Marehemu baba, vilikuwa vyake. Sisi tuna vinundu nyuma ya visigino, daktari. Ni alama ya ukoo."

"Alifariki akiwa na miaka mingapi?"

"Thelathini na tisa. Hakuugua hata siku moja."

Daktari aliviminya vile vinundu taratibu. "Haya ni mafuta, Shekue. Mnazaliwa nayo kwenye damu, nayo huziba mishipa ya moyo. Dawa ipo. Walete na watoto wapimwe."

Jioni, nyumbani, Shekue alivikuta mlangoni viatu vya shule vya binti yake, Tunu. Kimoja kilikuwa kimekanyagwa nyuma. Aliinama, akaisimamisha ile ngozi kwa kidole gumba. Kila alipoiachia, ililala tena.