Asiye na Konzi

Ulipita kando ya kambi ukirudi Mbarara, ukageuza uso usione. Usikatae, nakumbuka: mwaka themanini na tatu, huko kambi ya wakimbizi ya Nakivale, wanawake wa kijiji cha Kashojwa walikuwa wakichanga kila mmoja konzi yake ya maharage, dagaa au mboga ya dodo, wakipikia watoto wote sufuria moja.

Safiyah, mgeni, hakuwa hata na konzi. Akaona haya, akajifungia ndani na binti yake aliyevimba miguu kwa njaa.

Siku ya tano wanawake wale wakamgongea mlango, mmoja akapaza sauti:

“Mama weye! Nani alikuambia asiye na kitu asikule? Leta mtoto, ama unamficha kama bibi harusi? Chakula iko moto!”

Safiyah akamshika binti mguu, amwamshe. Alama ya kidole ikabaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa. Mguu ulikuwa wa baridi; binti hakuamka.

Inuka wewe. Nenda kwa jirani asiyetoka nje, sasa hivi, na sahani mkononi.