Kiti cha Katikati ya Mlima

Kila asubuhi nilikuwa nikishuka kwenye baiskeli katikati ya mlima, mbele ya karakana ya seremala, nachuchumaa kujifanya narudisha cheni. Cheni ilikuwa nzima. Mapafu ndiyo yaliyoota kutu, baada ya miaka mingi ya kukaa kwenye cherehani.

Seremala hakuwahi kuniuliza kitu. Siku moja nikakuta tu ameniwekea kiti nje.

Leo nilikiona kwa mbali, kimepanguswa vumbi. Mapaja yaliwaka moto. Nikasimama juu ya pedali, nikakanyaga.

"Mama Cherehani!" akaita, randa mkononi. "Cheni leo vipi?"

"Haijambo!" nikajibu bila kugeuka. "Hicho kiti kalia mwenyewe!"

Nikamsikia anacheka, kisha kiti kikiburutwa kurudishwa ndani.